Volteji rejeleo si umeme wa ubao

Mwezi huu nimesikia mara tatu, kwa vijana watatu tofauti wanaojifunza elektroniki: "Volteji ya rejea iko sawa, nimepima, ni 5." Wote walikuwa wamepima umeme unaoendesha ubao wa saketi. Namba za sensa zinaruka, wao wanabadilisha sensa.

Maana yenyewe ni fupi. Kigeuzi cha analogia kwenda dijitali hakijui volti. Kinajua uwiano tu. Kinalinganisha volteji inayoingia na nyingine kiliyopewa iwe kipimio, kisha kinatoa hesabu. Chipu ya ATmega328P iliyo kwenye Arduino Uno, ubao wanaojifunzia wengi, huigawa hiyo ya kipimio mafungu 1024. Hiyo ndiyo volteji rejeleo.

Neno "rejea" ndilo linalonisumbua. Kurejea ni kurudi, na ukisema "volteji ya rejea" kuna anayefikiria umeme unaorudi, yaani waya wa kurudishia, akaenda kukagua graundi. Kitenzi tunachokihitaji ni kurejelea: kukiendea kitu ili ukitegemee, kama msomaji anavyorejelea kamusi. Kwa hiyo nasema rejeleo. Hata "refa" wa mpirani, ambaye tulimpata kwa Waingereza, ametoka kwenye shina la neno wanalotumia wao kwa volteji hii, "reference": ni yule anayepelekewa jambo aamue. Refa hachezi. Rejeleo nalo halilishi mzigo, yaani haliendeshi kifaa.

Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Kibaba kikipungua, mchele uleule unahesabika vibaba vingi zaidi, ingawa haukuongezeka hata punje. Tazama sensa ya joto ya LM35, inayotoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja. Kwenye nyuzi 30 hutoa milivolti 300. Rejeleo likiwa volti 5 kamili, hesabu ni 61. Mota ikiwaka, umeme wa ubao ukashuka hadi 4.6, hesabu inapanda hadi 66, na programu inayoamini bado ni 5 inaandika nyuzi 32. Sensa haina kosa lolote. Kibaba ndicho kilichopungua.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba Uno, usipoiambia vingine, huchukua umeme wake wenyewe kuwa rejeleo. Na kuna mahali ambapo hilo ni sahihi kabisa: kirekebishi cha kuzungusha (potenshiometa), kikilishwa na umeme huohuo, hupanda na kushuka pamoja nao, na uwiano unabaki palepale. LM35 haifuati umeme wa ubao, ndiyo maana inahitaji kipimio kinachosimama peke yake. Chipu hiyo ina rejeleo la ndani la volti 1.1. Linaweza kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2, kwa hiyo lipime mara moja uandike thamani yake kwenye programu. Uthabiti wake ndio unaoutaka. Kwenye pini ya AREF, ambako rejeleo hutokea nje ya chipu, weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenda graundi, basi. Nimeona mtu akilisha sensa kutoka kwenye pini hiyo; kipimio kikibebeshwa mzigo, hakisimami tena palepale. Seli ya Weston ya mwaka 1893, betri iliyokuwa kipimio cha volti kwenye maabara kwa miongo mingi, nayo haikuruhusiwa kutolewa umeme wa kuendesha chochote, kwa sababu hiyohiyo.

Ndugu yangu, ukipima ubao, sema "umeme wa ubao ni 5". Hilo ni kweli. Halafu hamishia ncha ya multimita kwenye AREF na uwashe mota ukiwa unaangalia. Na ikionyesha 5.00 iliyotulia, kumbuka multimita inakupa wastani. Mtikisiko wa haraka utauona kwa osiloskopu, kifaa kinachochora volteji inavyobadilika.