Je, wajua jinsi kunguru wa milimani anavyokumbuka alikofukia maelfu ya mbegu?

Katika milima mirefu ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, kuanzia Kanada hadi Arizona, yupo ndege mwenye mwili wa kijivu na mabawa meusi ambaye uzito wake hauzidi sana gramu 130. Kati ya mwezi Agosti na Novemba, mwaka ambao misonobari imezaa vizuri, ndege huyu mmoja hufukia ardhini mbegu zinazokadiriwa kuwa 30,000 au zaidi. Huzigawa katika maelfu ya vishimo vidogo, kisha theluji huja na kuufunika mlima mzima. Miezi mingi baadaye hurudi, akatua mahali pasipo na dalili yoyote, akachimba na kutoa mbegu zake. Anajuaje mahali pa kuchimba?

Huyu ni kunguru wa Clark, ambaye wanasayansi humwita Nucifraga columbiana. William Clark, mmoja wa viongozi wawili wa msafara uliovuka bara hilo hadi Bahari ya Pasifiki, alimwona mwaka 1805 katika eneo ambalo leo ni jimbo la Idaho, na kwa kuutazama mdomo wake mrefu uliochongoka alimdhania kuwa wa jamii ya kigogota. Kumbe ni wa ukoo wa kunguru, ndugu wa hao tunaowaona kila siku Dar es Salaam na Mombasa.

Sababu ya kuweka akiba ni hali ya mahali anapoishi. Juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya baridi kali huja usiku na kuondoka mchana, mwaka mzima, kwa hiyo ndege wa huko hawakabiliwi na miezi mfululizo isiyo na chakula. Katika Milima ya Rocky, mojawapo ya safu anakoishi kunguru huyu, mambo ni tofauti: wadudu hutoweka, matunda huisha, na theluji hukaa zaidi ya nusu mwaka. Ndege wengi hukimbilia kusini au mabondeni. Kunguru wa Clark anaweza kubaki, kwa sababu amekwisha kujitafutia chakula chenye mafuta mengi kisichooza upesi katika udongo wa baridi.

Chakula hicho hasa ni mbegu za msonobari wa gome jeupe, Pinus albicaulis, unaoota karibu na ukomo wa miti mlimani. Koni za mti huu, yaani vikonyo vigumu vyenye magamba vinavyobeba mbegu, hazifunguki zenyewe hata zikikomaa, na mbegu zake hazina bawa la kupeperushwa na upepo. Ndege huyu huzipasua koni kwa mdomo na kuzichomoa mbegu moja moja. Kabla ya kukubali mbegu huibanabana mdomoni kwa haraka, kama mnunuzi anavyoitikisa nazi sokoni ili ajue iliyo nzima, na iliyo tupu huitupa. Zilizo nzuri huingia katika kifuko kilicho chini ya ulimi wake, kiungo ambacho ndege wengi wa ukoo huu hawana. Watafiti walipopima kifuko hicho huko Arizona, ambako ndege hao hula pia mbegu kubwa za msonobari uitwao Pinus edulis, walikuta kinaweza kubeba mbegu 95 kwa safari moja. Akiwa na mzigo huo ndege huweza kuruka zaidi ya kilomita 20 akipanda kuelekea mlimani, na katika jimbo la Washington wamefuatiliwa wakisafirisha mbegu kwa zaidi ya kilomita 30.

Akifika hutoboa udongo kwa mdomo, hutumbukiza kwa kawaida mbegu 3 au 4, ingawa zinaweza kufika 15, katika kina cha sentimita 2 au 3, kisha hufunika na kupasawazisha. Kutawanya akiba namna hii ni kazi kubwa, lakini kuna faida: panya au kindi akigundua kishimo kimoja, hasara ni ya mbegu chache tu. Vishimo vingi huwekwa kwenye miteremko inayoelekea kusini na kwenye miinuko inayopigwa na upepo, ambako theluji haikai nene na huyeyuka mapema. Hata hivyo kuchagua mteremko mzuri hakutoshi. Anayechimba ovyo katika mteremko wa hekta kadhaa atakufa njaa kabla ya kupata mlo wa siku moja.

Mtu angeweza kudhani kwamba ndege huyu hunusa, au kwamba hubahatisha akifuata mazoea. Majaribio yalikwisha kuondoa dhana hizo. Mtafiti Stephen Vander Wall aliwafungia ndege hawa katika uwanja wenye udongo uliowekwa mawe na magogo kadhaa, akaacha baadhi yao wafukie mbegu na wengine wasifukie. Baadaye, waliofukia walikwenda kuchimba karibu kabisa na mbegu zao, ilhali wale wengine, waliokuwa na pua ileile na uwanja uleule, waliambulia kidogo sana. Kisha akafanya jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo lenye kushawishi kuliko yote: aliyasogeza mawe na magogo ya upande mmoja wa uwanja kwa sentimita 20, pasipo kuzigusa mbegu. Ndege waliporudi kwenye upande huo walichimba kwa uhakika uleule, ila wakakosea kwa karibu sentimita 20, kuelekea kulekule alama zilikosogezwa. Upande ambao haukuguswa walipatia. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1982, yalidhihirisha kwamba ndege hukariri uhusiano wa kishimo na vitu vilivyosimama karibu nacho, kama vile miamba, vigogo na mashina ya miti. Ndiyo maana theluji haimpotezi kwa urahisi, kwa kuwa vitu virefu hubaki vikionekana juu yake.

Watafiti wengine waliendelea kutoka hapo. Russell Balda na Alan Kamil waliwapima ndege hao baada ya vipindi mbalimbali, na hata zilipopita siku 285, yaani zaidi ya miezi tisa, bado waliweza kuzipata mbegu zao kwa usahihi uliozidi bahati nasibu. Mwaka 1997 Kamil na mwenzake Juanita Jones walionyesha kwamba kunguru wa Clark anaweza kufundishwa kutafuta mbegu katikati ya alama mbili, na akiwekewa alama hizo kwa umbali ambao hajawahi kuuona, bado huenda katikati. Hakariri picha tu, bali hushika kanuni ya nafasi. Sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu za mahali, yaani hipokampasi, ni kubwa kwake ikilinganishwa na ya jamaa zake wasiotegemea sana akiba.

Kumbukumbu hii inaongoza hata malezi. Kunguru wa Clark huanza kutaga mapema, mara nyingine mwezi Machi wakati matawi bado yana theluji, na makinda hulishwa mbegu zilizofukiwa mwaka uliotangulia. Dume huatamia mayai kwa zamu na jike, jambo lisilo la kawaida katika ukoo wa kunguru. Maelezo ya watafiti ni kwamba kila ndege anajua vishimo vyake tu. Dume hawezi kumletea jike akiba ambayo jike ndiye aliyeifukia, hivyo sharti jike aondoke kiotani akaitafute mwenyewe.

Si huyu peke yake mwenye kipaji hicho. Katika safu ya Sierra Nevada, California, ndege mdogo wa gramu 11 hivi aitwaye Poecile gambeli huficha mbegu moja moja kwenye nyufa za magome. Vladimir Pravosudov na wenzake waliweka vilishio vya kielektroniki ambavyo kila ndege hufunguliwa kimoja tu, kisha wakahesabu makosa ya kila mmoja. Mwaka 2019 waliripoti kwamba ndege wachanga waliokuwa na kumbukumbu bora ndio waliokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuvuka majira yao ya kwanza ya baridi.

Turudi kwa kunguru wa Clark, kwa maana habari yake haiishii tumboni. Huwa anafukia kuliko anavyohitaji, na mbegu zisizofukuliwa huota. Kwa kuwa msonobari wa gome jeupe hauna njia nyingine ya maana ya kusambaza mbegu, misitu yake karibu yote imepandwa na ndege huyu. Mtu akitembea humo hukuta mara kwa mara mashina mawili au matatu yaliyosongamana kama mti mmoja, kumbe ni miti tofauti iliyotoka katika kishimo kimoja.

Uhusiano huo sasa umo hatarini, na upande mmoja umeumia zaidi. Takriban mwaka 1910 ugonjwa wa kutu uliingia magharibi mwa Amerika Kaskazini pamoja na miche iliyotoka Ulaya. Kuvu wake ni jamaa wa kutu inayowasumbua wakulima wetu wa kahawa na ngano, na umeua misonobari hii kwa wingi, huku wadudu watoboa magome na joto linaloongezeka vikimalizia. Koni zikipungua chini ya takriban 1,000 kwa hekta, ndege huacha kuja mara kwa mara, huenda kutafuta mbegu za misonobari ya aina nyingine, na msitu hubaki bila mpanzi wakati unapomhitaji kuliko wakati wowote. Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliuorodhesha mti huo miongoni mwa spishi zilizo hatarini.

Kazi ya kuuokoa imewalazimu wataalamu wa misitu kushindana na ndege huyo kwanza. Mwanzoni mwa majira ya joto hupanda juu ya miti michache iliyoonyesha kustahimili kutu, huzifunika koni zake kwa vizimba vya waya ili kunguru asizifikie, kisha huzivuna na kuotesha miche kwenye vitalu, kikiwemo kile cha Coeur d'Alene huko Idaho. Miche hiyo hurudishwa mlimani kwa mikono ya watu, na huchukua miaka 20 hadi 30 kabla ya kuzaa koni za kwanza ambazo ndege ataweza kuzichukua.