Ile Namba ya Tatu Kwenye Mashine ya Presha: Elewa Mapigo ya Moyo Wako Ukiwa Umetulia

Siku hizi nyumba nyingi Nairobi ziko na mashine ya presha, kama si yako ni ya jirani ama ya shosho, na watu wanajua kabisa kusoma zile namba mbili za juu, 120 kwa 80, hiyo imeingia. Lakini iko namba ya tatu pale chini, imeandikwa PUL ama imewekewa kamchoro ka moyo, na hiyo wengi hawajawahi kuelezewa na mtu. Inaachwa tu hapo hivyo, halafu usiku mmoja mtu anaona 104 anaanza kupigia watoto wake simu, ama anaona 52 anadhani moyo unazima. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya moyo hapa mjini na hilo swali tunalijibu kila asubuhi, kwa hivyo wacha niliweke hapa polepole.

Hiyo namba ni mapigo ya moyo kwa dakika. Si presha. Presha ni ile nguvu damu inasukuma nayo kuta za mishipa, mapigo ni moyo umejikaza mara ngapi kwa dakika moja, na hizo mbili hazitembei pamoja kila wakati. Mtu anaweza kuwa na presha 170 na mapigo 68, mwingine ameharisha usiku kucha presha imeshuka kabisa na mapigo yamefika 120 kwa sababu moyo unajaribu kufidia maji yaliyopotea. Sasa huyu wa pili akiona 120 aseme "presha imepanda" ameze dawa ya presha ya mamake, ameshajitia kwa hatari. Tafadhali usimeze dawa ya presha kwa sababu ya namba ya mapigo.

Kawaida ni ngapi basi? Mtu mzima aliyekaa chini, ametulia, hana homa, tunasema 60 hadi 100. Ukiwa na 70 hiyo ni zaidi ya mara laki moja kwa siku. Mtoto ni hesabu ingine kabisa, mchanga akiwa macho anaweza kwenda 100 hadi 160 na ako sawa tu, inashuka polepole akikua mpaka akifika miaka kumi hivi anaanza kukaribia ya mtu mzima, kwa hivyo mama usimpime mtoto wa mwezi mmoja na hiyo 60 hadi 100 ukaanza kulia.

Lakini mimi naona hiyo 60 hadi 100 inawachanganya watu kwa sababu wanaichukua kama mtihani, ukiwa ndani umepita, ukiwa nje umeanguka. Mtu ambaye miaka yote moyo wake unapiga 66 halafu wiki tatu sasa ako 92 kila asubuhi, kwa karatasi ako sawa, lakini huyo mimi nataka kumuona, kuna kitu kimebadilika. Na yule kijana anayekimbia Iten ako 44 na analala vizuri na anapanda mlima akiongea, huyo hana shida yoyote. Kitu cha maana zaidi ni kujua namba yako wewe ya siku za kawaida, ukiwa mzima, ndio ikibadilika uijue.

Na wenye mapigo ya chini si wanariadha peke yao. Moyo uliozoea kazi unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, ni kama mwenye mtungi wa lita ishirini na mwenye kopo, wa mtungi anaenda mtoni safari chache na nyumbani maji yanatosha. Kwa hivyo yule jamaa wa mjengo, ama yule anayetembea kila siku kutoka Kibera mpaka Industrial Area na kurudi, usishangae ukimpata 54. Ukimuuliza kama anasikia kizunguzungu ama anachoka ovyo na aseme hapana, tunaandika tu tunasonga.

Sasa kupima, hapa ndio makosa mengi yako. Kuna mama wa miaka sitini na kitu alikuja kliniki amepanda ngazi, amebeba mfuko, ametoka kwa matatu ikiwa imejaa, mashine ikasoma 112. Nikamwambia keti kwanza mama, tutarudia. Akaniambia, "Sista, andika tu hiyo, foleni ni ndefu na mimi niko na mboga sokoni." Tulimbembeleza akakaa dakika kumi hivi, miguu chini, bila kuongea, tukapima tena: 78. Kama tungeandika ile ya kwanza angerudi nyumbani na ugonjwa ambao hana.

Kwa hivyo kaa kwanza, angalau dakika tano, usiongee, usishike simu. Isiwe umetoka kunywa kahawa ama kuvuta sigara, isiwe umepanda orofa ya sita kule Pipeline. Wakati mzuri kabisa ni asubuhi umeamka na hujatoka kitandani. Chukua vidole viwili, cha shahada na cha kati, viweke kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, upande wa kidole gumba, pale kwenye kashimo, bonyeza taratibu mpaka usikie. Usitumie kidole gumba kwa sababu chenyewe kina mshipa unaodunda na utajikuta unahesabu wa kidole. Hesabu kwa sekunde 30 kisha zidisha kwa mbili, lakini kama ni mara ya kwanza ama unasikia mdundo haueleweki, hesabu dakika nzima. Ukishindwa kuupata mkononi kuna shingoni pembeni ya koo, upande mmoja tu, usibonyeze pande zote mbili kwa wakati mmoja maana unaweza kuanguka. Andika namba na saa na vile ulikuwa unajisikia, hata kwa simu ni sawa.

Mashine zinasaidia lakini zijue. Ile ya kubana kidole, oksimita, ambayo watu wengi walinunua wakati wa korona, inaonyesha namba mbili, moja ni asilimia ya oksijeni kwenye damu na ingine ni mapigo, na watu wanazichanganya sana. Mtu anaona 97 anafurahi kumbe ameangalia mapigo, oksijeni iko hapo kando na hajaitazama. Ya oksijeni ina alama ya asilimia ama imeandikwa SpO2. Tena kama umepaka rangi ya kucha ama hina nzito, hiyo mashine inaweza kukudanganya. Zile saa za mkono za kisasa nazo zinatumia taa ya kijani kusoma damu chini ya ngozi, mkanda ukilegea ama ukiwa unatembea zinapotea, kwa hivyo saa ikikuambia 150 na wewe umekaa tu na hujisikii vibaya, hesabu na vidole kabla ya kushtuka.

Mapigo yakipanda, sababu nyingi si moyo wenyewe. Homa, kila digrii moja ya joto inaongeza karibu mapigo kumi. Kukosa maji mwilini. Upungufu wa damu, na hapa naongea na wanawake hasa, mtu anatokwa na hedhi nzito miezi na miezi, anachoka, moyo unadunda akipanda ngazi, anaambiwa ni mawazo, kumbe damu imeisha na moyo unakimbia kuzungusha kidogo iliyobaki. Hiyo inapimwa na inatibiwa. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi pia inapandisha mapigo, na hapo mtu anakonda huku anakula, anatokwa jasho, mikono inatetemeka. Ujauzito nao ukiendelea unaongeza mapigo kumi mpaka ishirini hivi, hiyo ni kawaida. Ukitoka Mombasa ukaja Nairobi, ambayo iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, unaweza kuona mapigo yako juu kidogo siku za kwanza.

Halafu kuna miraa na muguka. Najua ni biashara na ni kazi ya watu wengi na sitaki kugombana na mtu, lakini nikikupima na mapigo ni 118 na uko na miraa shavuni, lazima nikuambie ukweli, ndani yake kuna kemikali inayosukuma moyo na presha zipande pamoja, na madereva na mabawabu wa usiku wanaochanganya hiyo na sigara na vinywaji vya kuongeza nguvu wanaubebesha moyo mzigo mzito kila usiku. Dawa pia. Inhela ya pumu ile ya kufungua kifua inapandisha mapigo kwa muda, na baadhi ya dawa za mafua za kufungua pua vilevile.

Za kushusha mapigo ni dawa kama atenolol, bisoprolol, carvedilol na propranolol. Ukiwa unazimeza na uko 56 na unajisikia vizuri, mara nyingi dawa inafanya kazi yake. Usiziache ghafla kwa sababu umeona namba iko chini, moyo unaweza kuruka juu vibaya, ongea na daktari kwanza. Na kitu wengi hawajui, kuna matone ya macho ya timolol ya kutibu presha ya macho, yanaingia kwenye damu na yanaweza kushusha mapigo, mzee anazirai kwake na hakuna anayefikiria macho.

Mbali na idadi, sikiliza mpangilio. Kijana akivuta pumzi mapigo yanaongezeka kidogo, akitoa yanapungua, hiyo ni sawa. Lakini ukisikia mdundo hauna mpango kabisa, mbili za haraka, kimya, moja, tatu, na inaendelea hivyo hivyo, njoo upimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, hata kama idadi ni 80. Moyo ukipiga ovyo hivyo damu inaweza kuganda ndani yake, na donge likienda kwa ubongo ni stroku. Hapa kwetu hii tunaiona hata kwa vijana, wasichana wa miaka ishirini na kitu, na ukifuatilia mara nyingi unapata valvu, vile vilango vya ndani ya moyo, ziliharibika utotoni kwa sababu ya maumivu ya koo ya bakteria ambayo hayakutibiwa vizuri, mtoto akapata homa ya baridi yabisi, moyo ukaumia kimyakimya. Hii inaniuma kuliko yote kwa sababu dawa ya ile koo ni penisilini. Mtoto akiwa na koo linauma na homa, mpeleke, usimnunulie tu vidonge vya maumivu.

Njoo kliniki kama ukiwa umetulia mapigo yanazidi 100 siku kadhaa bila sababu unayoijua, ama yako chini ya 50 na wewe si mtu wa mazoezi wala humezi dawa za kushusha. Ukiwa 120 na zaidi ukiwa umekaa tu, njoo siku hiyo hiyo. Lakini kama kifua kinauma, ama unakosa pumzi, ama umezirai, ama unahisi unaenda kuzirai, wachana na kuhesabu, mtu akupeleke hospitali saa hiyo hiyo hata kama namba inaonekana nzuri, na usijiendeshe mwenyewe.

Kama huna mashine si lazima ununue, vidole vinatosha, ama uliza mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, wengi wao wamepewa mashine ya presha kwenye mkoba wanaotembea nao. Ukija kwetu leta yale uliyoandika ya wiki moja, na dawa zote unazotumia, za kumeza, za kienyeji, matone ya macho, zitie kwenye mfuko uje nazo na maboksi yake, kwa sababu kuna dawa mbili majina yanafanana na kazi ni tofauti kabisa na "kale kadogo keupe" hatuwezi kukajua.