Kipimo cha mimba hakidanganyi, kisomwe kwa wakati wake

Wengi wanaofika kliniki wakilalamika kwamba kipimo cha mkojo "kimewadanganya" wamepima mapema mno, au wamekisoma muda wake ukiwa umeshapita.

Yai likishatoka, mwili huongeza homoni ya projesteroni, uwe umeshika mimba au hujashika. Homoni hiyo ndiyo inayouma matiti, kujaza tumbo gesi na kuleta uchovu. Kwa hiyo kabla ya hedhi kuchelewa, dalili hizo hazithibitishi chochote. Kichefuchefu nacho, kwa wengi, huanza karibu na wiki ya 6 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Matone machache ya damu ya waridi au kahawia, yasiyojaza pedi, huweza kuonekana mimba inapojipandikiza, ila si kila mjamzito huyaona.

Mimba hujipandikiza kati ya siku ya 6 na ya 12 tangu yai litoke. Hapo ndipo homoni ya hCG, inayotafutwa na kipimo, huanza kutengenezwa. Subiri basi siku ya kwanza ya kuchelewa hedhi. Chumvi, sukari na dawa ya meno havipimi mimba.

Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwenye chombo kikavu kisicho na sabuni. Angalia tarehe ya kuisha muda, kisha chana pakiti wakati uleule wa kupima, maana unyevu huharibu kipimo. Tumbukiza kipimo, mishale yake ikielekea chini, mkojo usivuke mstari wa MAX, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti. Kilaze mahali tambarare. Vingi husomwa dakika ya 5 na havisomwi tena baada ya dakika 10: mkojo ukikauka huacha alama ya kijivu, na hiyo si mimba. Mstari wa C, unaoonyesha kipimo kinafanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika hata kama mstari wa T, unaoonyesha mimba, umetokea. Mstari wa T uliofifia lakini wenye rangi, ukitokea ndani ya muda, unahesabika. Rudia baada ya saa 48, homoni itakapokuwa imepanda. Ukikosa mstari wa T na hedhi haijaja, pima tena baada ya wiki.

Aliyechomwa sindano ya hCG kwenye matibabu ya uzazi asipime kabla ya siku 14 tangu achomwe, la sivyo atapima hCG ya sindano, si ya mimba.

Wakati huu wote endelea na vitamini ya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, na kabla ya kumeza dawa yoyote mwambie muuzaji wa duka la dawa kwamba unatafuta mtoto. Kipimo kikithibitisha, anza kliniki kabla ya wiki ya 12. Lakini maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, au maumivu ya bega pamoja na damu ukeni huweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.