Safu ya kwanza si ya watatu bora: dhana potofu kuhusu washambuliaji wa hoki

Kanada ilipotangaza kikosi chake cha hoki ya barafuni kwa Olimpiki ya Sochi, Januari 2014, jina lililozua ubishi mkubwa lilikuwa la Chris Kunitz. Huyu alikuwa winga ambaye hakuna timu iliyomtaka kwenye drafti, zoezi la timu kuchagua chipukizi kwa zamu. Wengi walisema anabebwa na nyota Sidney Crosby, senta aliyecheza naye kule Pittsburgh, basi. Wakati huohuo Martin St. Louis, aliyeongoza NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, kwa pointi (mabao pamoja na pasi za mabao) msimu uliotangulia, aliachwa nje. Meneja aliyemwacha, Steve Yzerman, ndiye aliyekuwa bosi wake Tampa Bay, kwa hiyo aibu ilikuwa ya nyumbani kabisa. St. Louis aliitwa baadaye kwa sababu mguu wa Steven Stamkos haukupona kwa wakati, na mwezi Machi akahamia New York Rangers.

Kanada ilishinda mechi zote sita na kuruhusu mabao matatu tu katika mashindano mazima. Kunitz hakufunga hadi fainali, alipotia bao la tatu katika ushindi wa 3-0 dhidi ya Uswidi. Crosby naye alifunga bao lake pekee siku hiyohiyo. Je, Kunitz alikuwa mchezaji bora kuliko St. Louis? Hapana, na sidhani kama wateuzi wenyewe waliamini hivyo. Walikuwa wakijibu swali jingine: nani anamfaa Crosby? Mabishano mengi kuhusu safu ya kwanza hupotea hapo, na dhana zinazoyapoteza ni zilezile kila msimu.

DHANA: Safu ya kwanza ni ya washambuliaji watatu bora wa timu

Timu ya NHL huingia mechini na washambuliaji 12 kwenye safu nne, kila moja ikiwa na senta, yaani mshambuliaji wa kati, na mawinga wawili. Safu haikai barafuni muda mrefu. Kwa kawaida ni sekunde arobaini na kitu, kisha wanatoka wakihema na wengine wanaruka ukuta kuwapokea. Mshambuliaji anayetumika sana hufikisha dakika 20 au 22 katika mechi ya dakika 60. Ukiwarundika wakali wako wote watatu pamoja, umeimaliza theluthi moja ya mechi. Dakika 40 zilizobaki utazichezesha na nani?

Pittsburgh ya 2016 ilijibu swali hilo vizuri kuliko timu yoyote ninayoikumbuka. Crosby alikuwa na safu yake, Evgeni Malkin na yake. Phil Kessel, ambaye katika timu nyingi angepewa winga ya safu ya kwanza bila mjadala, aliwekwa ya tatu pamoja na Carl Hagelin na Nick Bonino. Wapinzani walipeleka mabeki wao wazuri kwa Crosby na Malkin, kisha Kessel akakutana na waliobaki. Alimaliza mchujo, mechi za mtoano za baada ya msimu, na pointi 22, nyingi kuliko mwenzake yeyote, na Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, likaenda Pittsburgh. Aliyekuwa akilalamika kwamba Kessel ameshushwa hadhi alikuwa akisoma namba ya safu na kuacha kutazama mchezo.

Edmonton wana mtihani huohuo kila wiki kwa nyota wao wawili, Connor McDavid na Leon Draisaitl. Wakiwa pamoja hawazuiliki. Wakitenganishwa, mpinzani hapati dakika ya kupumua. Timu ikiwa nyuma, wawili hao huunganishwa, na mimi siuoni huo kama udhaifu wa kocha asiye na msimamo. Bao linapohitajika katika dakika kumi za mwisho, hesabu ya dakika 40 imeshakwisha.

DHANA: Yeyote angefunga akicheza na McDavid

Hii ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi, na ndiyo isiyo na miguu kabisa.

Jesse Puljujärvi alichaguliwa wa nne katika drafti ya 2016. Ana mwili mkubwa na alipewa nafasi ya kutosha kando ya McDavid. Msimu wake bora ulimpa mabao 15. Zach Hyman alichaguliwa wa 123 mwaka 2010, na akiwa Toronto hakuwahi kuvuka mabao 21 kwa msimu. Alipofika Edmonton na kuwekwa winga ya McDavid, msimu wa 2023-24 alifunga 54. Pasi zilitoka kwa mtu yuleyule, kwa hiyo McDavid peke yake haelezi tofauti hiyo.

Hyman hupenda kusimama hatua chache mbele ya kipa, mahali ambapo mabeki hukupiga magongo ya mgongoni na kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, hukugonga popote. Pale ndipo McDavid anapopeleka kisahani baada ya kuwakimbia watu watatu. Hyman pia huingia konani kukipigania kikipotea, maana mchezaji mwenye kasi ile akilazimika kukitafuta mwenyewe kila mara, nusu ya kasi yake imeliwa na kazi ya mikono. Kucheza na nyota ni ujuzi. Wapo wafungaji wazuri wasio nao: wanataka kisahani muda uleule nyota anaoutaka, na wanasimama palepale anapotaka kupita.

Vancouver waliligundua hilo mapema. Ndugu pacha Henrik na Daniel Sedin walihitaji mtu wa tatu, na wengi waliojaribiwa walikuwa na sifa kubwa kuliko Alexandre Burrows, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote na alipanda kutoka ligi ya daraja la chini. Msimu wa 2009-10 Burrows alifunga mabao 35, huku Henrik akiongoza NHL kwa pointi 112. Pacha wale walikuwa wakipasiana bila kutazamana. Burrows alijua wapi pa kwenda bila kuwakatiza.

DHANA: Aliyefunga mengi msimu uliopita amejihakikishia nafasi

William Karlsson alifunga mabao 9 na kisha 6 katika misimu miwili akiwa Columbus. Vegas ilipoanzishwa, akafunga 43 msimu wa 2017-18 na kuipeleka timu changa hadi fainali. Ukitazama mashuti yake, asilimia 23 yalizaa mabao. Katika NHL, kwa wastani, shuti moja kati ya kumi ndilo huingia, na hata wafungaji hodari hawakai kwenye asilimia 23 miaka na miaka. Msimu uliofuata Karlsson alifunga 24.

Hakuharibika. Aliendelea kuwa senta wa kuaminika, anayekaba vizuri, na alikuwemo Vegas ilipotwaa kombe mwaka 2023. Ila safu ya juu wakati huo ilikuwa ya Jack Eichel katikati, Jonathan Marchessault na Ivan Barbashev pembeni, na Karlsson alifanya kazi yake chini yao. Kwa hiyo kabla ya kumpandisha mtu kwa sababu ya mabao, hesabu mashuti. Anayepiga mengi na kufunga machache ana uwezekano mkubwa wa kupanda kuliko anayepiga machache huku yote yakiingia.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Mabao yanayopatikana mpinzani akiwa na mtu pungufu kwa adhabu hayasemi mengi kuhusu safu. Wakati huo kocha hupanga kundi maalumu, mara nyingi washambuliaji wanne na beki mmoja, na mchezaji wa safu ya tatu anaweza kuwemo kwenye kundi la kwanza la kazi hiyo. Kessel alikuwemo. Anayetaka kumtetea winga wake ayaweke mabao hayo pembeni, atazame ya watano kwa watano, timu zote zikiwa na watu kamili, kisha arudi tuongee.

DHANA: Mizania ya kuongeza na kutoa inamaliza ubishi

Haimalizi. Mchezaji hupata moja timu yake ikifunga akiwa barafuni na hupoteza moja ikifungwa, lakini mabao ya kuwazidi watu kwa adhabu hayahesabiwi, wakati yale ya goli lisilo na kipa yanahesabiwa. Nyota anayeingizwa dakika ya mwisho kusaka bao la kusawazisha, kipa akiwa ameitwa benchi ili mshambuliaji wa ziada aingie, hulipa kwa kosa la kuaminiwa. Ongeza ubora wa kipa na wa mabeki walio nyuma yake, na utabaki na namba inayosimulia timu kuliko mtu.

DHANA: Kukaba ni kazi ya safu za chini

Baada ya mchezo kusimama, timu ya nyumbani ndiyo hubadilisha wachezaji mwisho. Kocha wa nyumbani huona nani ameingia, kisha anachagua wa kumpambanisha naye. Ugenini fursa hiyo huna, na safu yako ya kwanza itawekewa wakabaji wazuri kuliko wote au itakabiliana na safu yao ya kwanza. Mshambuliaji asiyerudi nyuma anakuwa mzigo palepale alipotegemewa kuwa silaha.

Patrice Bergeron wa Boston alitwaa tuzo ya Selke, ya mshambuliaji anayekaba vizuri kuliko wote, mara sita, nyingi kuliko mtu mwingine katika historia ya tuzo hiyo. Muda wote huo alikuwa senta wa safu ya juu. Brad Marchand na David Pastrňák walipata uhuru wa kushambulia kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuziba nyuma yao.

Na ile dhana kwamba mfupi hafai safu ya kwanza, kwa kuwa bado kuna wanaoileta: St. Louis ana takriban sentimita 173 na aliongoza NHL kwa pointi mara mbili, 2004 na 2013. Tuendelee.

DHANA: Kuhamishwa safu ni adhabu

Mwaka 2022 Boston ilimtoa Pastrňák kwa Bergeron na Marchand, ikampeleka kwa Taylor Hall na Erik Haula. Nafasi yake akapewa Jake DeBrusk, ambaye miezi michache kabla alikuwa ameomba kuuzwa. Ukisoma karatasi ya kocha ungedhani nyota ameadhibiwa na mwasi amezawadiwa. Kilichotokea ni kwamba Boston ilipata safu mbili za kufunga badala ya moja.

Marchand mwenyewe ameipitia ngazi yote. Msimu wa 2010-11 alianza kwenye safu ya nne, akapanda hadi kwa Bergeron na mkongwe Mark Recchi, na Boston ikatwaa kombe yeye akiwa na mabao 11 katika mchujo. Machi 2025 aliuzwa Florida, ambako safu ya juu ilishajaa. Akawekwa ya tatu na Anton Lundell na Eetu Luostarinen, vijana wanaomzidi kwa miguu. Katika fainali dhidi ya Edmonton, akiwa na miaka 37, alifunga mabao sita katika mechi sita, na Florida ikabaki na kombe.