Ujumuishi wa watu wenye ulemavu mkoani Kigoma: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mkoa wa Kigoma umeishi na wakimbizi na miradi ya misaada kwa miaka mingi, hivyo neno ujumuishi, yaani kuwashirikisha watu wote katika huduma na miradi, si geni Kasulu, Kibondo wala Kakonko. Hata hivyo, mipango mingi bado huandikwa kwa kufuata dhana ambazo hakuna aliyezikagua, na suala la ulemavu hukumbukwa wakati bajeti imekwisha kupitishwa.

Dhana iliyozoeleka kuliko zote ni kwamba "kijijini kwetu wapo wawili au watatu tu". Afisa mradi huisikia ofisini kwa mtendaji wa kijiji, na mara nyingi haisemwi kwa nia mbaya, kwa kuwa mtendaji huwataja wale anaowaona: mzee wa baiskeli ya magurudumu matatu, kijana asiyeona anayeshikwa mkono kwenda mnadani. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi nchini wana ulemavu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 1.3 duniani, yaani karibu mmoja kati ya kila sita, wana ulemavu mkubwa. Kijiji cha watu 3,000 hakiwezi kuwa na watatu. Tatizo limo katika swali lenyewe. Ukiuliza mlangoni, "Humu ndani kuna mlemavu?", utajibiwa hapana, ama kwa aibu, ama kwa hofu, ama kwa sababu bibi ambaye macho yake hayaoni tena njia ya kisimani hajihesabu kuwa mlemavu, bali mzee.

Ndiyo maana maswali mafupi ya Kundi la Washington, jopo la wataalamu wa takwimu za ulemavu lililo chini ya Umoja wa Mataifa, hayalitaji kabisa neno ulemavu. Huuliza kama mtu anapata shida katika mambo sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Majibu ni manne, kuanzia kutopata shida yoyote hadi kutoweza kabisa, na anayejibu kuwa anapata shida kubwa au hawezi kabisa, hata katika jambo moja tu, huhesabiwa. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa kila mtu, na binafsi sioni kisingizio cha kuiacha.

Wengine husema, "Wakati wa dharura tuokoe maisha kwanza, mengine yatafuata." Tukumbuke Kagunga mwezi Mei 2015, pale maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walipokwama katika kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika huku kipindupindu kikienea. Meli ya MV Liemba iliwasafirisha hadi mjini Kigoma, na kwa kuwa kijijini hapakuwa na gati, abiria walipelekwa kwa mitumbwi, kisha wakapanda melini kutokea majini. Kwa mtu asiyeweza kutembea, hatua hiyo moja ndiyo uokoaji wenyewe: ama wapo watu waliopangwa kumbeba pamoja na magongo yake, ama anabaki ufukweni. Kwake yeye hakuna hayo mengine ya kufuata baadaye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka serikali katika Ibara ya 11 ziwalinde watu hao wakati wa vita, maafa na dharura za kibinadamu. Tatizo la kukosa wa kumsaidia mtu kubeba linaendelea hadi kwenye mgawo wa chakula kambini, ambako asiyeweza kubeba gunia huweza kuishia kumlipa mbebaji kwa sehemu ya unga uleule aliopewa.

Dhana nyingine ni hii: "Njia ya mteremko ya kiti mwendo imejengwa, basi pamefikika." Hapa nashauri kubeba futi ya kupimia. Kipimo kinachokubalika kwa kawaida ni urefu wa mita 12 kwa kila mita moja ya kupanda, kwa hiyo baraza la zahanati lenye kimo cha sentimita 60 linahitaji njia ya mita 7.2. Ukikuta ya mita mbili, mtu wa kiti mwendo atarudi kinyumenyume, na mvua za masika zikinyesha hata msukumaji atateleza. Choo nacho kina mambo yake: mlango unaofunguka kwa ndani humzuia mtu kugeuza kiti chake, na kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mwalimu mkuu huwazuia wote. Marekebisho haya ni nafuu yakiwa bado kwenye mchoro. Gharama hupanda pale ukuta uliokwisha kujengwa unapobomolewa.

Dhana kwamba mlezi anatosha kusema kwa niaba ya mtu mwenye ulemavu ni ya hatari zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu katika kesi za ukatili mlezi huyohuyo anaweza kuwa ndiye mtuhumiwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaelekeza ziwepo kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na ni huko ambako mradi ungepaswa kuanzia kabla ya kuandika andiko lake.

Mwisho ni dhana kwamba watu hawa wanahitaji msaada tu, kazi hawaziwezi. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na mashirika ya misaada nayo ni waajiri. Tangazo la nafasi ya karani wa bohari linalodai leseni ya pikipiki, ilhali kazi yote hufanyika mezani, huwa limekwisha kuwaondoa waombaji kadhaa kabla barua zao hazijafunguliwa.