Kidonge cha dharura na swali la uhai kuanza

Je, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinatoa mimba? Ndani ya swali hili mna maswali mawili. Moja ni la mwili: dawa hii inafanya nini, na inaifanya siku gani? La pili ni la imani na falsafa: uhai wa binadamu unaopaswa kulindwa huanza lini? La kwanza lina jibu, na ushahidi wake umekuwa ukiongezeka. La pili halijibiwi na maabara. Ubishi mwingi hutokana na watu kushika msimamo juu ya la pili kabla ya kusikia la kwanza.

Kushika mimba si tukio la usiku mmoja. Mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya njia ya uzazi hadi siku 5 zikisubiri yai. Yai nalo, likishatoka kwenye ovari, huishi saa 12 hadi 24 tu. Vikikutana, hukutana kwenye mrija wa uzazi, si kwenye mji wa mimba. Yai lililorutubishwa huanza kugawanyika likiwa safarini, huingia mji wa mimba baada ya siku 3 au 4, na huanza kujishikiza ukutani mnamo siku ya 6 au ya 7. Homoni inayosomwa na kipimo cha mkojo huingia katika damu ya mama baada ya hapo. Ndiyo maana kupima siku 2 baada ya tendo hakumwambii mtu lolote kuhusu tendo hilo.

Sasa tuweke kidonge ndani ya kalenda hiyo. Tendo limefanyika Jumatatu usiku, na yai lingetoka Alhamisi. Mwanamke akimeza levonorgestreli ya mg 1.5, dawa iliyomo kwenye kidonge cha dharura cha kawaida, Jumanne asubuhi, hakuna yai lililorutubishwa la kubishania, maana yai bado limo ovarini. Dawa huzuia kupanda kwa homoni ya LH, ambayo ndiyo huamuru yai litoke. Yai linachelewa, mbegu zinakufa zikisubiri. Lakini kama yai lilitoka Jumatatu hiyo hiyo na kidonge kikamezwa Jumatano, dawa imechelewa. Tafiti zilizofuatilia wanawake kwa vipimo vya homoni na ultrasaundi zilikuta kwamba waliomeza baada ya yai kutoka walipata mimba kwa kiwango kinachokaribiana na kile ambacho kingetarajiwa wasingemeza kitu. Kama dawa hii ingezuia yai lililorutubishwa lisijishikize, mimba hizo zingepungua. Hazikupungua.

Kwa miaka mingi karatasi ya maelezo ndani ya pakiti ilisema huenda dawa ikazuia yai kujishikiza. Mstari huo ulitaja uwezekano, haukueleza jambo lililothibitishwa, lakini ulinukuliwa mahakamani na mimbarini kana kwamba ni hukumu. Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilibadilisha maelezo hayo na kusema wazi kwamba levonorgestreli haifanyi kazi hiyo.

Njia nyingine za dharura hazifanyi kazi sawasawa nayo. Ulipristali ya mg 30, kidonge kingine cha dharura, hufanya kazi hadi saa 120 baada ya tendo, na inaweza kuchelewesha yai hata LH ikiwa imeanza kupanda, mradi haijafika kileleni. Hushika kipokezi kile kile cha projesteroni, homoni inayotunza mimba, kinachoshikwa na mifepristoni, ambayo ni dawa ya kutoa mimba, kwa hiyo wapo wanaoitilia shaka. Ushahidi wa dozi hii moja unaonyesha kwamba kazi yake kuu ni kuchelewesha yai. Kitanzi cha shaba ndicho chenye nguvu kuliko vyote: kikiwekwa ndani ya siku 5, anayeshika mimba ni chini ya mmoja kati ya 100. Shaba hudhoofisha na kuua mbegu, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Hata hivyo kikiwekwa baada ya yai kutoka, kinaweza pia kuzuia kujishikiza. Kwa maoni yetu mjadala wa maadili una uzito zaidi kwenye kitanzi kuliko kwenye kidonge, na anayeamini kwamba uhai huanza kwenye urutubishaji ana haki ya kuambiwa hivyo bila kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Vidonge vya kutoa mimba ni jambo lingine tena: mifepristoni kwa dozi yake, ikifuatiwa na misoprostoli. Levonorgestreli haiondoi mimba iliyokwisha kujishikiza, wala haijaonekana kuidhuru.

Tukija kwenye swali la pili, hata lugha ya kitabibu haikubaliki na wote. Mwaka 1965 chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kilitangaza kwamba mimba huhesabiwa tangu yai linapojishikiza. Wakosoaji husema fasili hiyo iliondoa swali kwa kubadilisha neno, na hoja yao ina haki ya kusikilizwa. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba kiinitete, yaani yai lililorutubishwa linaloendelea kukua, kiheshimiwe kama mtu tangu urutubishaji, na waraka Dignitas Personae wa 2008 ulilaani njia zinazozuia kujishikiza. Lakini mwongozo wa maaskofu wa Marekani kwa hospitali zao unaruhusu aliyebakwa apewe dawa ya kuzuia yai kutoka, ikiwa hakuna dalili kwamba mimba imetungwa, na maaskofu wa Ujerumani walitoa ruhusa inayofanana na hiyo mwaka 2013. Msimamo mkali kuliko yote, basi, nao unategemea jibu la swali la kwanza.

Katika Uislamu, wanazuoni wengi hurejea hadithi ya hatua za tone, pande la damu na pande la nyama, na kuhesabu kupuliziwa roho siku ya 120; wengine husema siku ya 40. Kuzuia mimba kwa ridhaa ya wanandoa wengi wao hukulinganisha na azli, yaani kumwaga mbegu nje. Talmudi, kitabu cha sheria na mafundisho ya Wayahudi, huhesabu siku 40 za kwanza kuwa kama maji tu. Wanafalsafa nao hutaja pacha: kiinitete kimoja kinaweza kugawanyika kuwa wawili hadi kama siku ya 14, na kamati ya Warnock, iliyoundwa na serikali ya Uingereza kuchunguza maadili ya mambo haya, ilipendekeza mwaka 1984 kuwa hiyo iwe mwisho wa utafiti wa viinitete. Wapinzani hujibu kwamba kitu kuweza kugawanyika hakumaanishi hakikuwa kimoja. Wengine hukumbusha kwamba mayai mengi yaliyorutubishwa hupotea yenyewe bila mama kujua. Nao hujibiwa kwamba kifo cha asili si kibali cha kuua.

Kwa vitendo, kidonge hushindwa kwa sababu zinazojulikana. Kuchelewa ndiko kubaya zaidi: kinamezwa mapema iwezekanavyo, bora ndani ya saa 72. Akitapika ndani ya saa 2 baada ya levonorgestreli, arudie dozi; kwa ulipristali ni saa 3. Rifampisini (dawa ya kifua kikuu), efavirenzi (ya VVU) na karbamazepini (ya kifafa) huufanya mwili uivunje levonorgestreli haraka, na mwongozo wa Uingereza unashauri kitanzi cha shaba au levonorgestreli maradufu, mg 3. Uzito mkubwa wa mwili nao hupunguza nguvu yake. Kosa linalosahaulika ni tendo lingine bila kinga siku chache baadaye. Yai lilicheleweshwa tu. Litatoka, na likitoka litakuta mbegu mpya. Aliyemeza ulipristali asubiri siku 5 kabla ya kuanza uzazi wa mpango wa homoni. Hedhi ikichelewa zaidi ya siku 7, apime.

Baadhi ya hospitali za Kikatoliki hupima LH kwenye mkojo kwanza na kumnyima dawa aliyeonekana LH imepanda, dalili kwamba yai linakaribia kutoka. Kwa levonorgestreli, wakati wenye kuzua mashaka ya dhamiri ndio ule ule ambao dawa imekwisha kupoteza nguvu. Mhudumu ambaye dhamiri yake inakataa aseme mapema, na amwelekeze mteja kwa mwenzake saa hiyo hiyo. Kidonge hakikingi VVU. Aliyebakwa anahitaji pia dawa za kinga dhidi ya VVU, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72.