Maharamia wa Rhapta na neno moja la Kigiriki

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mzazi wa kijana anayetaka kusoma Kigiriki na Kilatini chuo kikuu: "Mwalimu, hivyo vitabu si vimeshatafsiriwa vyote kwa Kiingereza? Miaka mitatu ya kukariri vitenzi ni ya nini?" Swali hili nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka. Leo naliandikia jibu.

Kwanza, si vyote. Kule Oxyrhynchus, Misri, wataalamu wawili Waingereza, Grenfell na Hunt, walianza kuchimba majalala ya mji mwaka 1896. Vipande vya mafunjo vilivyotoka humo vinahesabika kwa malaki, na vilivyochapishwa ni sehemu ndogo tu. Risiti, barua, mikataba, beti za washairi: vingi havijasomwa, sembuse kutafsiriwa. Hilo tuliache.

Linaloniudhi zaidi ni imani kwamba ukishika tafsiri umeshika maandishi yenyewe. Chukua Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 BK. Kila anayesoma historia ya pwani yetu hukutana nao: Azania, yaani pwani hii kwa jina la Wagiriki, mji wake wa biashara Rhapta, pembe za ndovu, magamba ya kasa. Tafsiri inayozunguka mtandaoni ni ya Schoff, ya mwaka 1912, kwa kuwa ni ya bure. Fungua sura ya 16, utaambiwa wakazi wa huko ni watu wa miraba minne wenye tabia za uharamia. Fungua ya Casson, ya mwaka 1989: watu walewale, miili ileile, ni wakulima.

Wote wawili walitafsiri kitabu kimoja. Hati yenye uzito ni moja tu, ya karne ya 10, iko Heidelberg. Nyingine, iliyoko London, imetokana na hiyohiyo. Na ndani yake pameandikwa horatoi, "wanaoonekana". Watu wakubwa wa miili, wanaoonekana? Sentensi haikai. Mnakili aliteleza, na wahariri wakaanza kutengeneza. Wengine wakasoma peiratai, maharamia. Wengine arotai, walimaji. Sasa yaandike kwa herufi zake: ορατοι, kisha αροται. Omikron na alfa zimebadilishana nafasi mara tatu, na ro, tau na iota hazikusogea. Kwa mtu anayenakili tangu alfajiri, kosa kama hilo ni la kawaida kabisa, ndiyo maana mimi naegemea wakulima. Lakini darasani nasema wazi kwamba hata arotai haimo katika hati. Ni dhana iliyojengwa vizuri, na kesho mtu anaweza kuleta iliyo bora zaidi. Msomaji wa tafsiri haoni ufa huo. Anaona "maharamia" limechapwa kwa wino uleule wa maneno mengine, anakwenda kuandika insha kwamba wazee wa pwani walikuwa wezi wa baharini. Insha hizo nimezisahihisha, na zinaniuma.

Au tuchukue hilo jina Rhapta. Linatokana na rhapto, "nashona", na kitabu chenyewe kinasema mji uliitwa hivyo kwa sababu ya mashua zake zilizoshonwa, ploiaria rhapta. Mtu wa Lamu hana haja ya maelezo: ni ndugu wa mtepe, mbao zilizofungwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Katika tafsiri, mashua zimekaa huku na jina la mji kule, masikio hayasikii kwamba ni neno moja. Kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa rhapsodos, mghani wa tenzi za Homer: mshona nyimbo. Siku nilipolieleza hilo, mwanafunzi mmoja alisema taratibu, "Nasi tunatunga ushanga, tunatunga na shairi." Sikuongeza neno.

Kuhusu kukariri, Mswahili ana pa kuanzia. Mpe elusa, "nilifungua", atachambua e- ya wakati uliopita na mzizi lu-, kwa sababu amezoea ni-li-fungu-a. Kinachomtesa ni nomino. Yeye hutafuta ngeli mwanzoni mwa neno, na Kigiriki kimeweka habari zake mwishoni. Muhula wa kwanza huishia hapo, na baadhi huacha kozi. Jedwali juu ya jedwali, kama nilivyofundishwa na kama ninavyofundisha, sidhani kuwa ndiyo njia bora. Nimeanza kuwapa sentensi za Periplus tangu mwezi wa kwanza, na wanaobaki ni wengi kidogo.

Jumatatu mwaka wa pili wanaendelea na sentensi ileile ya maharamia. Kwa Schoff, watu hao wako chini ya machifu, kila mahali na wake. Kwa Casson, kila mmoja mahali pake anajiendesha kama chifu. Kigiriki kina turannois, neno la watawala. Yule mzazi nimemwambia aje, kuna nafasi viti vya nyuma.